Fundi wa Ipogolo, Iringa: anapima kwanza, hafungui ovyo

Toyota IST yangu ilikuwa inachemsha kila ikipanda mlima Kitonga, mjini haina shida. Gereji nyingine walitaka kufungua silinda hedi (kichwa cha injini) papo hapo. Huyu alisubiri injini ipoe, akafunga pampu ya presha mdomoni mwa rejeta: mshale haukushuka, yaani hakuna panapovuja. Akawasha, hakuna mapovu kwenye rejeta. “Gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati yake na injini, ni nzima, kaka.”

Akang'oa thamostati (valvu inayofunguka kwa joto kupitisha maji kwenda rejeta), akaitumbukiza kwenye sufuria ya maji. Imeandikwa 82, yaani ianze kufunguka kwenye nyuzi 82, lakini maji yanatokota na yenyewe imefunguka kiduchu tu! Kaweka mpya na kulanti (maji maalumu ya kupoza injini), si maji ya bomba. Mafundi wengi wangeitoa na kukuachia gari bila, injini ichelewe kupata moto na mafuta yaliwe bure.

Kitonga sasa napanda na abiria, AC inawaka. Wahi asubuhi, foleni yake ndefu.