Uzoefu wangu: kitabu kipenzi cha mtoto kwa Kifaransa

Nyota 4 kati ya 5. Ni kile kile kitabu cha picha cha kurasa 32 ambacho mtoto tayari anakisema kwa ghibu kwa Kiswahili. Hapa nazungumzia toleo lake la Kifaransa, la karatasi, pamoja na sauti ya msomaji inayopakuliwa kwenye simu.

Uzuri wake ni kwamba hadithi haimsumbui mtu. Mtoto anajua hapa ndipo chura anaruka, kwa hiyo akisikia "sauta" analiweka neno mahali pake bila kuuliza. Kitabu kigeni, hata kiwe chepesi namna gani, hakikupi hilo.

Kinachowakwaza wengi ni vitenzi. Mtu amesoma Kifaransa cha mazungumzo miaka miwili, anafungua kitabu cha watoto, anakutana na "fut", "fit", "prit", "vit". Hiyo ni passé simple, njeo iliyokwisha kutoka kwenye mazungumzo lakini hadithi bado zinaing'ang'ania, hata za watoto wadogo. Kwetu dawa ipo mdomoni: ni -ka- ya hadithi. Akaruka, akaanguka, akalia: "sauta, tomba, pleura". Kabla ya kumsomea mtoto, chukua penseli, na juu ya kila kitenzi cha aina hiyo andika asili yake: être (kuwa) juu ya "fut", faire (kufanya) juu ya "fit", prendre (kuchukua) juu ya "prit". "Vit" ndiyo yenye hila, maana inaweza kuwa "akaona" au "anaishi". Tazama picha ndipo uamue.

Chura naye ana lake. Kiswahili hakisemi kama ni dume au jike: karuka, basi. Kifaransa kinamwita "la grenouille", na ukurasa mzima ni "elle", yaani yeye wa kike. Mtoto aliyezoea chura wake kuwa dume atagoma, na ana haki. Usimgeuze "il", yeye wa kiume, kienyeji, maana vivumishi navyo vitadai kubadilika, "verte" (kijani) iwe "vert", na utajikwaa katikati ya sentensi. Mweleze kwamba jinsia ni ya neno, kama kiboko anavyobeba ki- bila kuwa kitu.

Kwenye kurasa za mashairi usilinganishe neno kwa neno. Mfasiri huko anafuata vina, na mnyama mzima anaweza kubadilishwa ili mstari ukubali.

Soma kurasa nne kwa kikao: kwanza Kiswahili, kisha Kifaransa bila kusimama kutafsiri. Toleo lenye lugha mbili ubavu kwa ubavu silipendi, macho hukimbilia upande yaliouzoea. Kama ndilo ulilonalo, funika Kiswahili kwa kadi.

Sauti iweke kwenye mwendo wa 0.75. Inasaidia hasa pale maneno yanapoungana: "les enfants" (watoto) inasikika kama "lezanfa", na maandishi hayakuonyeshi hivyo. Ila nyota niliyoikata ni ya hapa hapa. Sauti imesomwa kutoka tafsiri nyingine, kwa hiyo kidole cha mtoto kipo kwenye neno moja na sikio linapata jingine. Kabla ya kulipa, linganisha jina la mfasiri kwenye ukurasa wa hakimiliki na lile la kwenye rekodi. Toleo la kitabu la kusomea kwenye simu liache: maneno yamechapwa ndani ya picha, na ukiyagusa kamusi haifunguki.