Siagi ya kibuyu Makorora, tamu ila usiende na mdomo

Wana Tanga wenzangu, kama bado mnapaka ile "siagi" ya dukani kwenye boflo, soma kibandiko chake, nyingi ni mafuta ya mimea tu. Kuna mama mmoja Makorora anasukasuka mwenyewe kwenye kibuyu, kikopo elfu tano. Najua mtasema bei juu, lakini kilo moja ya siagi inakula kama lita 20 za maziwa, piga hesabu. Ya kwake ina njano iliyofifia, ukiikata kwa kisu inatoa vitone vya maji, na kaharufu ka moshi maana kibuyu anakifukiza kwanza. Boflo likiwa la moto ndo balaa.

Sasa kuipata. Nilifika saa nne asubuhi, napiga hodi nasikia "subiri nje mwanangu, haijashikana!" Nikajua kuna mgonjwa ndani. Kumbe mama anaamini mgeni akiingia maziwa yakiwa yanasukwa siagi inagoma, kijicho hicho, na usithubutu kuuliza "bado tu?" wala kuyasifia. Nikakaa barazani nusu saa nasikia chubwi chubwi. Alipofungua bado haijashikana, akaniangalia mimi!

Nikamwambia shikamoo mama, hili ni joto tu, maziwa yanataka yawe na ubaridi, nyuzi 12 mpaka 16 hivi, na sie hapa saa nne jua lishawaka. Akanuna, ila kibuyu akakizamisha kwenye beseni la maji ya mtungini na chumvi akatupa motoni ikapasukapasuka pa pa pa, haikupita muda vipunje hivyo. Yeye anasema chumvi. Sikubishana, mi nilifuata siagi. Na msimcheke, Ireland na Uingereza zamani ikigoma walisema mchawi, wanatumbukiza chuma cha moto ndani ya pipa, na kwao kwenye baridi maziwa yakipata joto kidogo inashikana kweli.

Kasoro: haioshi vizuri, mtindi unabaki ndani, kikopo changu cha kwanza kililala mezani bila friji siku ya pili kimechacha. Cha pili nimekichemsha kikawa samli, wali wake acha tu. Nenda saa moja asubuhi kabla ya jua na chupa yako, yale maziwa yanayobaki anakupa bure, ukishapiga hodi nyamaza.