Programu ya rada ya mvua: inajua mawingu, haijui barabara yangu

Nyota tatu kati ya tano. Ningeandika mwezi wa kwanza ningetoa tano, ningeandika wiki ile ya mafuriko ningetoa moja. Nikaona nisubiri msimu wa mvua uishe ndipo nikae kitako.

Kwanza mjue ninaitumiaje. Mimi ni karani wa mishahara kiwandani. Kati ya mlango wangu na meza yangu kuna kilomita 11, na katikati yake kuna bonde ambalo barabara inalivuka juu ya kalavati mbili. Natoka saa kumi na moja na nusu alfajiri. Habari za kesho kutwa sizihitaji. Swali langu ni moja, nalijibu nikiwa na mswaki mdomoni: leo niende au nibaki?

Sehemu ya rada ndiyo iliyonifanya niipende. Rada hurusha mawimbi, yakigonga matone yanarudi, na ramani inapakwa rangi kulingana na nguvu ya kile kilichorudi: kijani manyunyu, njano mvua ya kawaida, nyekundu ile inayokufanya usimsikie mtu aliye chumba cha pili. Picha hubadilika kila dakika 10. Hapo pana mtego, nao umeandikwa pembeni kwa herufi za sisimizi: saa ya picha. Dhoruba inayokwenda kilomita 40 kwa saa, ndani ya dakika 10 imeshasogea karibu kilomita 7. Mara ya kwanza nilitoka nikiamini ile nyekundu iko mbali, ikanikuta kituoni sijafungua hata mwavuli. Siku hizi nasoma saa kwanza, rangi baadaye.

Kuna pia kitufe cha kuisogeza ramani mbele hadi saa mbili zijazo. Nusu saa ya kwanza naiamini karibu sawa na macho yangu. Ikivuka saa nzima, hapana, kwa sababu inachofanya ni kuyachukua mawingu yaliyopo na kuyasukuma kule kule yalikokuwa yakielekea. Wingu la radi linaweza kuzaliwa, kumwaga na kufa ndani ya saa moja, na lile ambalo halijazaliwa haliwezi kusukumwa.

Ile "mvua asilimia 60" nimeiondoa kabisa kwenye ukurasa wa kwanza. Inakupa nafasi ya kunyeshewa mahali pale ndani ya saa zile, basi. Haisemi kiasi. Asilimia 90 inaweza kuwa manyunyu ya kutuliza vumbi, na asilimia 40 ikang'oa mabati.

Kitu kilichonishangaza kwa uzuri ni duara la radi. Unachora duara kuzunguka ulipo, mimi nimeweka kilomita 10, na radi ikipiga ndani yake simu inatetemeka. Kilomita 10 sikuzitoa kichwani: sauti husafiri kilomita moja kwa takriban sekunde tatu, kwa hiyo ukiona mwanga ukahesabu sekunde 30 ndipo ngurumo ifike, radi iko umbali huo, na huo tayari ni karibu mno kwa mtu aliye nje. Programu pia inakuhesabia dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho kabla haijakwambia utoke. Tangu niipate sipandi pikipiki duara likiwa linatetemeka. Ndani ya gari lililofungwa ni afadhali, kwa kuwa bodi ya chuma huupitisha umeme nje yako hadi chini. Wengi husema ni matairi ya mpira yanayokulinda. Kama ni matairi, pikipiki nayo inayo.

Sasa kwa nini nimekata nyota. Jumanne moja mvua ilinyesha usiku kucha, ikakatika alfajiri. Rada nyeupe kama karatasi. Simu ikaleta arifa yenye katuni ya jua: "Anga limefunguka, safari njema." Nikapanda pikipiki. Tulipofika bondeni kalavati hazionekani. Maji ya rangi ya udongo yanakata barabara, yanakwenda kimya kimya, na juu hakuna tone. Mvua ya usiku ilikuwa imenyesha huko juu milimani, nayo maji yalikuwa ndiyo kwanza yanafika. Dereva akaniambia, "Dada, ni kina cha goti tu, nishike vizuri." Nikashuka.

Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 zinatosha kuelesha gari dogo, na sentimita 60 hubeba magari mengi, hata yale marefu ambayo wenyewe hudhani hayabebeki. Goti langu nimelipima jioni yake kwa futi ya fundi cherehani: sentimita 47. Na hapo umeshajipa moyo kwamba lami bado ipo chini. Dereva aligeuza amenuna, nami nikamlipa safari nzima maana kosa halikuwa lake.

Wala halikuwa uongo wa programu. Iliulizwa habari za mawingu ikajibu habari za mawingu. Ninacholaumu ni lile neno "safari njema". Haioni mto, haijui mvua ya jana imefika wapi, haijui mtaro ulioziba. Aliyeandika arifa ile alipaswa kuishia kwenye anga.

Cha kusikitisha ni kwamba kitu ambacho kingenisaidia siku ile kimo humo humo, menyu ya tatu ndani, chini ya mipangilio ya lugha: matangazo ya idara ya hali ya hewa. Siku ile bonde letu lilikuwa kwenye chungwa tangu jana yake. Rangi hizi, njano, chungwa na nyekundu, katika nchi nyingi hupangwa kwa kutazama uwezekano wa tukio pamoja na madhara yake, ndiyo maana zinaweza kukuonya kuhusu maji wakati mvua imeshakatika. Nimezivuta hadi ukurasa wa mbele. Njano naenda, ila najua nitarudije. Chungwa napiga simu kwanza kwa mtu anayeishi ng'ambo ya bonde. Nyekundu sitoki. Moja ilipita bila hata upepo, jua likawaka mchana kutwa, na wenzangu ofisini waliniuliza wiki nzima kama nimekauka.

Kwa bosi ndipo historia ya matangazo inapofaa. Kila tangazo linabaki na tarehe na saa, unapiga picha ya skrini unatuma. Kabla ya hapo nilikuwa nasema "mvua ilikuwa kubwa", naye anajibu kwamba kwake haikunyesha. Afisa utumishi wetu nilimpelekea pia Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, ambao kifungu cha 13 kinamlinda mfanyakazi aliyejitoa kwenye hatari kubwa iliyo karibu. Akaniambia hiyo ni hatari ya kazini, si ya njiani. Nikamwonyesha itifaki yake ya 2002, inayotaja ajali za njia ya moja kwa moja kati ya nyumbani na kazini. Hiyo inahusu kuripoti ajali, nakubali, lakini angalau aliacha kuiita siku yangu utoro.

Mengineyo kwa haraka. Inakula betri ukiacha eneo limewashwa muda wote. Toleo la bure lina matangazo ya biashara, na alfajiri moja tangazo la viatu lilifunika ramani yote, mvua inapiga dirisha. Tena dhoruba ikiwa kali kweli umeme unakatika, minara ya simu inafuata, na programu inabaki na picha ya saa iliyopita bila kukwambia imekwama. Nimenunua redio ndogo ya betri.

Sijaifuta. Bado ndiyo kitu cha kwanza kukigusa nikiamka. Cha pili ni kumpigia yule wa ng'ambo, naye huwa ananijibu kabla sijasalimu: "Kalavati zinaonekana, njoo."