1151 si sawa na 1151: nilivyobadilisha prosesa na mazabodi Mwanza

Mimi ni mwalimu wa hisabati, sekondari, Sengerema. Nalitaja hili mapema kwa sababu ndilo nililosimangwa nalo, na bila simango lile nisingekuwa macho saa hizi naandika habari za duka la vifaa vya kompyuta. Kitu kibovu kila mtu anauziwa. Niliwahi kununua redio kwenye soko la Mlango Mmoja, ikaimba siku mbili, nikacheka mwenyewe yakaisha. Hili halijaisha.

Kompyuta yetu ya nyumbani ni ya mtumba, prosesa yake, yaani ubongo wa kompyuta, ni ya Intel kizazi cha tatu. Natungia mitihani, mama Kabula anawekea mahesabu ya biashara yake ya dagaa, watoto wanaichezea tukigeuka. Windows 10 ilipoacha kuhudumiwa Oktoba 2025 nikaanza kuwaza, maana Windows 11 kwa prosesa za Intel inataka kizazi cha nane kwenda juu. Kompyuta nzima mpya siwezi, ada zinanikodolea macho. Nikapiga hesabu: keisi ibaki, pawa saplai ibaki, SSD ya kuhifadhia mafaili ibaki, nibadilishe utumbo tu. Prosesa, mazabodi, yaani ule ubao mkuu unaobeba vyote, na RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya aina ya DDR4 kwa sababu ile ya zamani ni DDR3 na haikai kwenye nafasi ya nyingine hata ukiisukuma. Mama Kabula alisema, "Rahisi ghali, baba Kabula." Nikamwambia ngoja uone.

Duka lenyewe silitaji. Liko mjini kati, ghorofani, ngazi zake zina giza. Siku ya kwanza, tuseme ni miezi miwili au mitatu iliyopita, nilipokewa vizuri mno. Kijana wa kaunta alinipa shikamoo ya kujaza mdomo, akanivutia kiti, akaniletea prosesa ya i3-8100, kizazi cha nane, iliyotumika na mazabodi iliyotumika pia lakini safi, imepanguswa vumbi mpaka kwenye kona. Nikauliza swali moja tu la maana: hivi viwili vinapatana? Akanionyesha kwa kidole. Soketi ya mazabodi, pale prosesa inapokaa, 1151. Prosesa, 1151. "Si unaona mwenyewe, mwalimu? Ikiingia inafanya."

Ikiingia inafanya. Nikakubali. Mtu ambaye kila mwaka anawakata watoto alama kwa kuandika jibu bila kuonyesha njia, nikakubali jibu bila njia. Nikatoa 220,000 kwa vitu viwili, RAM nikalipia pembeni.

Jioni ile nilifunga mwenyewe, taa ya simu mdomoni. Zile pini za kwenye soketi ni nyembamba kuliko nywele za kichanga. Nilishika pumzi, nikaiweka prosesa, vijitundu vya pembeni vikakaa sawasawa, mkono wa chuma ukashuka na kile kilio chake cha kutisha. Kweli iliingia. Nikawasha. Feni ikazunguka, taa ikawaka, kioo kikabaki cheusi. Umewahi kumwona mwanafunzi anayeinamia karatasi kwa bidii, kalamu inatembea, ukipita nyuma yake unakuta anachora maua? Ndivyo feni ile ilivyokuwa inazunguka.

Nikatoa RAM nikaisugua meno kwa ufutio. Nikahamisha nafasi. Nikang'oa kile kibetri cha mviringo nikakirudisha, ili BIOS, ile programu ya kuiamsha kompyuta, isahau yote ianze upya. Nikabadili waya wa kioo. Saa sita usiku mama Kabula alichungulia mlangoni, hakusema neno, akarudi kulala. Angesema tu ingekuwa nafuu.

Na muda wote huo nilijilaumu mimi. Nilidhani nimepinda pini, nimeunguza kitu kwa mikono yangu isiyo na ujuzi.

Kesho yake nikampelekea kijana mmoja hapa hapa Sengerema, fundi simu, kibanda chake ni mbao nne na mwavuli. Hakuhitaji hata umeme. Alitoa feni, akafuta pesti, akasoma maandishi ya mgongoni mwa prosesa, akasoma herufi zilizochapwa kwenye mazabodi: H110, jina la chipseti, zile chipu zinazoiunganisha prosesa na vifaa vingine. Akasema, "Mwalimu, hii H110 ni ya kizazi cha sita na cha saba. Prosesa yako ni ya nane. Hawajuani hawa." Akanieleza kwamba Intel walipotoa kizazi cha nane mwaka 2017 waliacha idadi ile ile ya pini, 1151, lakini wakabadilisha kazi za baadhi yake, na wakataka chipseti za familia ya 300. Kwa hiyo inaingia bila shida yoyote, inakaa, inafungwa, na haiwaki mpaka kiama. Hesabu ya uongo kuliko zote nilizowahi kuiona: 1151 si sawa na 1151. Alikataa hela, nikamnunulia soda.

Sasa hapo sikuwa na hasira. Nataka lieleweke hilo. Nilipanda basi nikiwa na amani kabisa, nikavuka daraja jipya la Kigongo na Busisi nikilishangaa kama siku zote, maana tuliozoea kupanga foleni ya kivuko na mbuzi wa watu bado hatujaamini. Nyegezi nikachukua daladala, nikapanda zile ngazi za giza. Nilikuwa nimepanga maneno ya upole kabisa: ndugu yangu, tumekosea, nibadilishie mazabodi, tofauti ya bei nitaongeza.

Shikamoo haikuwepo siku hiyo. Kijana aliangalia mfuko wangu, akajua. Kabla sijamaliza sentensi ya kwanza akasema, "Umeunguza mwenyewe." Nikamwambia haijaungua, ni H110 na kizazi cha nane. Akasema kilichouzwa hakirudishwi, akagonga kidole kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Nikamweleza habari ya chipseti, taratibu, kama ninavyoeleza vipeo kwa kidato cha pili. Akawageukia wateja wengine, walikuwa kama watano, akacheka nao kwanza, ndipo akanigeukia:

"Mwalimu, wewe kafundishe hesabu. Kompyuta tuachie sisi."

Wakacheka. Si wote, lakini wakacheka.

Na katikati ya kicheko kile, binti mmoja aliyekuwa anachagua flashi akageuka, akapiga goti kidogo, "Mwalimu, shikamoo." Nilimfundisha miaka ile, sasa yuko chuo, Malimbe. Nikaitikia marahaba, sauti ikanikwama. Ningeweza kuvumilia kucheka kwa watu nisiowajua mpaka mwisho wa dunia. Shikamoo ile ndiyo iliyoniumiza, kwa sababu alinisalimia kama ananifunika nguo.

Sijui nilisema nini baada ya hapo. Nilisema kwa sauti. Mwenye duka akatoka chumba cha nyuma, mtu mzima, kikombe cha kahawa mkononi bado, akaomba nikae. Akazishika zile mbili, akazigeuza, akamwangalia kijana wake kwa muda mrefu, akaingia ndani akarudi na mazabodi ya H310, familia ile ya 300. "Hii ndiyo yake," akasema. Kuongeza 45,000. Akaifunga mbele yangu, akawasha. Kioo kikawaka sekunde ya tatu au ya nne, nikaona maandishi ya BIOS, na nakiri nilikaribia kumkumbatia.

Kwa haki, basi. Kifaa chenyewe ni kizuri ajabu. Kuna kitu cha usalama kinaitwa PTT ndani ya BIOS, Windows 11 inakidai, nacho kilikuwa kimezimwa. Nilipokiwasha, Windows 11 haikuleta ubishi. Mitihani inafunguka kabla sijakaa vizuri kwenye kiti. Mama Kabula anapiga jumla za dagaa huku muziki unalia, zamani ilikuwa uchague kimoja. Ukiniuliza kama kubadilisha utumbo badala ya kununua nzima kunafaa, kunafaa sana, mradi usome herufi za chipseti na si namba ya soketi peke yake. Na yule mzee alikuwa muungwana. Na kijana, pengine hakujua kweli, na kutojua si dhambi, mimi mwenyewe sikujua. Nilipoanza kuandika nilitaka kutoa nyota moja. Hapa nilipofika mkono unakwenda kwenye tatu. Nne, hata, nikimfikiria mzee.

Nikaenda kutafuta risiti ili niandike bei sawasawa nisije nikamsingizia mtu. Nimeipata, ilikuwa ndani ya daftari la maandalio ya somo. Ile 45,000 haimo kabisa. Chini ya 220,000, kwa kalamu nyekundu, mwandiko wa kijana yule yule, kuna mstari mmoja: "Mazabodi imebadilishwa kwa hisani ya duka. Mteja alikosea kuchagua."

Nyota moja.