EDA ya kupanga majaribio ya wanyama: ya bure, ila ina maswali mengi

Wakuu, wale mnaofanya risechi za mifugo hapa Dodoma na kanda ya kati yote, hii Experimental Design Assistant (EDA), programu ya NC3Rs, kituo cha Uingereza cha kupunguza matumizi ya wanyama kwenye utafiti, ipo mtandaoni tangu 2015 na hailipiwi hata senti, unafungua akaunti unaingia. Mi nimeitumia kupanga jaribio la chakula cha kuku chotara, kujua uchanganye mashudu ya alizeti kiasi gani bila vifaranga kudumaa, maana mashudu huku si ndo yamejaa kila penye mashine ya kukamua.

Unachora jaribio lako kwa viboksi na mishale, wanyama, makundi, chakula, kipimo, afu unabonyeza ikukague. Hapo ndo utamu ulipo. Itakubana useme yuniti yako ni ipi, yaani kile unachokipa chakula kivyake na kukihesabu kama kimoja, na aisee hili swali linaangusha wengi, mtu anakwambia nina kuku 60 basi sampuli ni 60. Sio. Kama umewaweka kumi kumi kwenye vizimba sita na kila kizimba chombo kimoja cha chakula, una sita, kwa sababu chakula umekipa kizimba sio kuku, na maji yakikauka kwenye hicho kizimba wote kumi wameteseka pamoja. Gawa hivyo sita kwa vyakula vitatu, unabaki na viwili viwili, hapo hakuna hesabu ya kukuokoa. Heri kuku haohao uwatawanye kwenye vizimba vingi.

Kuhusu kugawa makundi, wengi wetu tunakamata tu kwa mkono, wa kwanza kundi A, wanaofuata B. Sasa anayekamatika kirahisi ni nani kama sio mnyonge? Kundi A limeshachelewa kabla hata ya kula. EDA inakutolea mpangilio wa bahati nasibu, na unaweza kuiambia ipange kwa bloku, yaani vizimba vya upande unaopigwa na jua la mchana vipate vyakula vyote na vya kivulini hivyohivyo. Kuku akizidiwa na joto anapunguza kula, kwahiyo chakula chenye mashudu mengi kikiangukia chote upande wa jua utailaumu alizeti bure. Na huo mpangilio unaweza kutumwa kwa mtu asiyehusika na jaribio, anayepima uzito asijue yupi kala nini, hii mi nimeipenda kuliko vyote.

Kuna na kikokotoo cha idadi ya wanyama, kipo vizuri ila kinataka ujue kwanza tofauti unayoitafuta kati ya makundi ni ya ukubwa gani.

Ubaya: Kiingereza tupu na kizito, inataka laptopu maana ule mchoro kwenye simu ni mateso, na imekaa zaidi kwa ajili ya panya wa maabara, mtu wa mbuzi wa Kongwa itabidi ajiongeze. Afu haiingii bandani kwako, ukipanga vizuri halafu siku ya kupima ukaanza na kundi A lote asubuhi na C ukalipima saa nane mchana, umeirudisha shida uliyoifukuza, hata zamu ya kupima ipange kwa bahati nasibu.

Nyota nne. Anzeni na mifano iliyochorwa tayari humo ndani, ndo mchore yenu.