Maduka mapya ya Cork: mahali pa kununua na mahali pa kupanga fremu

Cork ni jiji la pili kwa ukubwa katika Jamhuri ya Ayalandi. Katikati yake ni kisiwa: mto Lee unagawanyika mikono miwili na maduka yamebanana hapo kati. Ukipita leo utakuta mgahawa mpya wa kahawa umepakana na fremu iliyozibwa kwa mbao, kinyozi wa Kituruki kapakana na wauza chai ya maziwa yenye gololi za muhogo, na vibao vya kupangisha haviko mbali. Hapa ndipo Ben Dunne alipofungua duka la kwanza la Dunnes Stores, kampuni ya Ayalandi yenye matawi mengi, mwaka 1944. Hapa pia Debenhams, kampuni ya maduka makubwa ya Uingereza, iliacha jengo tupu barabara kuu mwaka 2020, ilipofunga matawi yake yote 11 nchini.

Hukumu yetu tuitoe mapema. Kwa mnunuzi, masoko ya vizimba yanaishinda barabara kuu kwa mbali. Kwa anayetaka kufungua biashara, kinachoua duka jipya Cork mara nyingi ni jengo lenyewe na mkataba wake, hata kabla wateja hawajaonja chochote.

Tuanze na barabara kuu, St Patrick's Street. Imepinda kwa sababu ilijengwa juu ya mkono wa mto uliofunikwa karne ya 18. Huu ni uwanja wa wakubwa: Brown Thomas, Marks & Spencer, na Penneys, ambalo ndilo jina la Primark nyumbani kwao. Uchochoro wa Opera Lane, uliofunguliwa 2009, una maduka ya nguo ya kampuni za kimataifa na hauna jipya kwa aliyekwisha kutembea jiji lolote la Ulaya. Nguo na viatu vya watoto havitozwi VAT, kwa hiyo hapo bei ni nafuu kweli. Koti la mvua ligeuze nje ndani kabla ya kulipa: kama mishono haikufunikwa kwa utepe, maji yatapita mabegani, na Cork mvua haina msimu. Anayekuja na gari akumbuke kwamba magari binafsi hayaruhusiwi barabara hii kuanzia saa 9 alasiri hadi saa 12 na nusu jioni. Sheria hiyo ilianza Machi 2018, wenye maduka wakaja juu, ikasimamishwa, ikarudi Agosti mwaka huohuo.

Oliver Plunkett Street, sambamba na barabara kuu upande wa kusini, ndiyo inayopendeza zaidi. Fremu ni nyembamba, wapita njia ni wengi, na wenye maduka madogo bado wana nafasi. Tatizo lake ni maji. Lee hupwa na kujaa hadi katikati ya jiji, na bamvua likikutana na upepo wa kusini-mashariki na mgandamizo mdogo wa hewa, maji huruka kingo na kutokea kwenye mitaro ya mvua. Katikati ya jiji kulifurika Februari 2014 na tena Oktoba 2020. Mafuriko ya Novemba 2009 yalitoka upande wa pili, kwa mvua nyingi na maji yaliyofunguliwa bwawani Inniscarra, na yaliumiza zaidi magharibi mwa jiji.

Kwa hiyo ukipelekwa kuona fremu mtaa huu, usianze na dirisha la maonyesho. Piga goti mlangoni uangalie kama miimo ina mifereji ya chuma ya kuteremshia ubao wa kuzuia maji. Kisha tazama soketi. Zikiwa usawa wa kiuno badala ya karibu na sakafu, mpangaji aliyepita alijua anachokifanya. Bonyeza plasta kama sentimita 30 kutoka chini. Ikimomonyoka, au ikiwa na unga mweupe wa chumvi, ukuta umewahi kunywa maji na haujakauka. Uliza kompresa ya friji inakaa wapi, maana ikiwa sakafuni ndiyo inayokufa kwanza. Mwisho, dai maandishi ya kampuni ya bima yanayotaja mafuriko kwa jina, kwa kuwa bima nyingi katika eneo hili huyatoa kwenye mkataba. Pango likiwa rahisi kuliko la jirani, sababu huwa ni mojawapo ya hizi.

English Market ni habari nyingine kabisa. Soko hili la ndani lilianza 1788, linamilikiwa na halmashauri ya jiji, na lina milango Grand Parade na Princes Street. Linafunguliwa Jumatatu hadi Jumamosi, saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni. Jumapili na sikukuu limefungwa. Nenda asubuhi kwa samaki. Muuzaji atamparua, atamtoa mifupa na kukukatia minofu bila malipo ya ziada, na ukimwomba vichwa vya supu mara nyingi atakupa kwa bei ya kutupa. Malkia Elizabeth alipotembelea mwaka 2011 alipigwa picha akicheka na muuza samaki, na soko limeishi kwa picha hiyo tangu siku ile, lakini samaki wenyewe hawahitaji tangazo.

Vitu vya kwao ni vitatu. Kuna utumbo wa ng'ombe, ambao huliwa pamoja na drisheen, soseji laini ya damu. Utumbo huuzwa mweupe, umeshasafishwa na kuchemshwa nusu, kwa hiyo aliyezoea kuupika kwa muda wa saa tatu aanze kuuonja mapema la sivyo utayeyuka sufuriani. Kuna miguu ya nguruwe ya kuchemsha. Na kuna nyama ya ng'ombe ya viungo, iliyolazwa kwenye chumvi na manukato kwa siku kadhaa. Hii chemsha kwa moto mdogo, iache ipoe ndani ya maji yake, ndipo uikate nyembamba. Ukiikata ikiwa moto hufumuka nyuzi nyuzi. Mwislamu aulize kizimba kwa kizimba, kwani nguruwe na ng'ombe mara nyingi wako kaunta moja na kisu kimoja.

Soko hili ndilo pia mfano bora wa namna biashara ndogo inavyokua Cork. The Real Olive Company ilijijenga kwa kuuza zeituni kwenye vizimba, na wenyewe wakaendelea hadi kutengeneza jibini ya maziwa ya nyati-maji kule Toonsbridge. Kizimba kina gharama ndogo, wateja wamekwisha kuwepo, na dari ni ya halmashauri. Shida ni kwamba nafasi haitoki kila mara, na inapotoka waombaji ni wengi.

Nje ya mlango wa Princes Street magari yaliondolewa mwaka 2020 ili migahawa iweke meza barabarani, na miavuli ikabaki. Ni mahali pazuri pa kukaa hata mvua ikinyesha. Barry's Tea, kampuni ya chai iliyoanzishwa Cork mwaka 1901, iliwahi kuuza chai yake katika duka la mtaa huu, na msomaji wa Afrika Mashariki aijue chai hiyo: mchanganyiko wao wa Gold Blend, pakiti nyekundu, una majani ya Kenya na Rwanda pamoja na ya Assam. Rangi inatoka haraka na inavumilia maziwa. Ukizoea chai ya kuchemshia jikoni, mifuko miwili kwa nusu lita inatosha. Kuhusu bahashishi, tangu Desemba 2022 kila mgahawa unalazimika kubandika tangazo linaloeleza pesa hizo zinavyogawiwa wafanyakazi. Lisipoonekana, uliza, na umpe mhudumu mkononi.

Marina Market iko mbali kidogo, Centre Park Road, upande wa bandari ya zamani, kama nusu saa kwa miguu kutoka barabara kuu. Ilifunguliwa 2020 ndani ya bohari: vibanda vya chakula pembeni, meza ndefu katikati, watoto na mbwa wanaruhusiwa. Uzuri wake ni kwamba kundi la watu watano linaweza kula vyakula vya nchi tano mezani pamoja. Ubaya wake ni baridi. Bohari ni bohari, kuanzia Novemba usivue koti. Siku ya mechi Páirc Uí Chaoimh, uwanja ulio karibu, foleni huwa ndefu mno, kwa hiyo angalia ratiba kabla ya kwenda. Na kwa kuwa Ayalandi haina alama za usafi mlangoni kama Uingereza, njia ya kukagua kibanda kipya ni kutafuta jina lake kwenye orodha ya amri za kufungwa inayochapishwa na FSAI, mamlaka ya usalama wa chakula. Pia kila muuza chakula lazima awe na maandishi yanayotaja vitu 14 vinavyoleta mzio. Asiyekuwa nayo hajafanya kazi yake ya kwanza.

Sasa upande wa anayetaka kufungua. Mkataba wa pango ukiandikwa miaka 4 na miezi 9, si bahati mbaya. Kwa sheria ya 1980, mpangaji aliyefanya biashara miaka 5 mfululizo hupata haki ya kuomba mkataba mpya, na mwenye nyumba anaikwepa kwa kuishia kabla. Akikupa mrefu zaidi, huenda akakutaka usaini kuikana haki hiyo, na hapo unapaswa kupata ushauri wa mwanasheria wako, si wake. Kifungu cha pango kupanda tu bila kushuka kilipigwa marufuku kwa mikataba iliyoanza tangu 28 Februari 2010. Ukikiona kwenye mkataba mpya, jua umeandikwa kwa kunakili.

Mtego mkubwa kuliko yote ni moshi. Fremu iliyokuwa duka la nguo inaweza kuuza sandwichi na kahawa ya kuondoka nayo kama sehemu ndogo ya biashara, lakini kuifanya mgahawa au mahali pa kuuza chakula cha moto ni kubadilisha matumizi ya jengo, na hilo linahitaji kibali cha mipango miji. Mara nyingi kibali hakitoki bila dohani ya kutolea moshi juu ya paa, na majengo ya kisiwani yana wapangaji ghorofani wanaopinga. Wapo wanaosaini pango kwanza kisha wanaanza kuomba kibali, wakilipa kodi miezi na milango imefungwa. Saini kwa sharti la kibali, au tafuta fremu iliyokuwa mgahawa tayari. Biashara ya chakula isajiliwe pia kwa HSE, idara ya afya, siku 28 kabla ya kufungua.

Hesabu ni kali. Kima cha chini cha mshahara kuanzia Januari 2026 ni euro 14.15 kwa saa, maana yake mfanyakazi mmoja wa saa 39 ni euro 551.85 kwa wiki kabla ya mchango wa mwajiri wa hifadhi ya jamii. Kiwango cha kujisajili VAT ni mauzo ya euro 85,000 kwa mwaka kwa anayeuza bidhaa, lakini euro 42,500 kwa huduma, na chakula cha moto huhesabiwa huduma. Ukiuza kikombe cha kahawa euro 4, ni vikombe 35 tu kwa siku, siku 6 kwa wiki, nawe umefika. Ongeza kodi ya majengo ya biashara ya halmashauri, maji na taka. Ndiyo maana tunasema jaribu kwanza soko la wazi la Coal Quay Jumamosi au la Mahon Point Alhamisi, saa 4 asubuhi hadi saa 8 mchana, ambako unapanga nafasi badala ya jengo.

Suala la viza lisiachwe mwisho na mwombaji, ingawa hapa limekuja mwishoni. Mwenye Stamp 2, yaani kibali cha ukaazi cha mwanafunzi, haruhusiwi kujiajiri hata kama anauza sambusa mtandaoni. Mwenye Stamp 4, kibali kipana zaidi cha ukaazi, anaruhusiwa. Mpango wa serikali wa wajasiriamali wa kigeni, unaotaka euro 50,000, haupokei maduka ya rejareja wala migahawa.

Kwa mahitaji ya nyumbani, tafuta maduka ya Kiafrika North Main Street na Shandon Street ng'ambo ya mto. Unga wa njano wa polenta unaouzwa kwenye supamaketi kubwa haufai kwa ugali wetu. Omba unga mweupe wa mahindi na usome tarehe, maana mifuko ya kilo 10 hukaa sana. Soda na maji ya chupa yana amana ya senti 15, au senti 25 ikizidi nusu lita, na maduka mengi madogo yamesamehewa kupokea chupa tupu. Zipeleke mashine ya supamaketi zikiwa hazijapondwa, kwa sababu mashine isiposoma nembo hairudishi kitu. Dagaa na samaki wakavu wanaouzwa kihalali hutoka viwanda vilivyoidhinishwa na Umoja wa Ulaya, na namba ya kiwanda huchapwa ndani ya alama yenye umbo la yai kwenye pakiti. Mfuko wa nailoni usio na lebo yoyote uache hapohapo.