DVDStyler na deki ya mama: uzoefu wangu wa kuchoma video ya sendofu nyumbani

Mama simu anayo, na kuitumia anajua. Asichotaka ni kuangalia sherehe ya mwanawe kwenye kioo cha kiganja huku miwani inateleza puani. Anataka TV, na TV yake ni ile ya chogo, ipo sebuleni Mbagala miaka nenda rudi, na chini yake kuna deki isiyo na hata tundu la flashi. Kwa hiyo mpiga video aliponikabidhi sendofu ya mdogo wangu kwenye flashi, faili moja la MP4 la saa 2 na dakika 50, nikajua kazi bado.

Nikaenda Kariakoo. Kijana wa kibandani akachomeka flashi, nikasubiri kidogo, akanipa CD (kwa kweli ni DVD, ila mtaani zote tunaziita CD). "Tayari braza, elfu tano." Kufika nyumbani deki ikazunguka, ikakwaruza, ikaandika NO DISC. Niliposoma ile CD kwenye laptopu nikaelewa: amelihamisha faili lile lile la MP4 kama lilivyo. Deki ya zamani haiijui MP4. Inachojua ni MPEG-2, aina ya video inayotumika kwenye DVD, na kwa sisi wa PAL, mfumo wa TV wa kwetu, ni picha ya 720 kwa 576, fremu 25 kwa sekunde, sauti ya AC3 au MP2, vyote vikiwa vimepangwa ndani ya folda la VIDEO_TS. Kubadili video ni kazi moja, kuchoma ni nyingine. Nililipia zote mbili, nikafanyiwa moja.

Hapo ndipo nilipoingia kwenye DVDStyler. Ni programu ya bure, inakaa kwenye Windows, Mac na Linux, na inafanya mlolongo mzima: inabadili video, inatengeneza menyu, inachoma. (Ukiuliza watu watakutajia HandBrake. Ni nzuri sana, ninayo, ila inaelekea upande mwingine: inatoa MP4 na MKV, haitengenezi DVD ya kuweka kwenye deki.) Unafungua mradi mpya, unachagua PAL, unachagua 16:9 (picha pana) au 4:3 (umbo la TV ya chogo), unaburuta faili lako ndani, basi. Mapambo ya menyu nimeyapita haraka. Nikaweka picha ya bi harusi mtarajiwa na kitufe kimoja cha kuanzia. Mama hahitaji zaidi ya hapo.

CD ya kwanza nilijiharibia mwenyewe kwa ubahili. Nilitaka saa zote 2 na dakika 50 zikae kwenye CD moja, nikaiachia programu ipange yenyewe. Ikapanga, maana hesabu ni hesabu: giga 4.7 za CD moja, kila baiti ikiwa biti 8, ukizigawa kwa sekunde 10,200 na kutoa ya sauti unabaki na megabiti 3 na nusu hivi kwa kila sekunde ya picha. Wazee walipokuwa wamekaa wakitoa nasaha, picha ilikuwa safi. Mashangazi walipoingia wakicheza, vitenge vya kumetameta, taa za ukumbi zinabadilika, kila kitu kikawa vibao vya mraba. Mwendo mwingi unataka data nyingi, na pale data haikuwepo. Nikakata video vipande viwili, kila CD dakika 85, nikaweka megabiti 7. DVD inaruhusu mpaka 9.8 kwa picha, lakini sikuona sababu ya kuisumbua deki ya umri ule. Tofauti ilikuwa ya mchana na usiku.

Jambo jingine linalochanganya watu: boksi la CD tupu limeandikwa 4.7, kompyuta inakwambia nafasi ni 4.38. Hujaibiwa. Kiwanda kinahesabu giga moja kuwa baiti bilioni 1, Windows inahesabu 1024 mara 1024 mara 1024.

Laptopu yangu ni ya zamani, kubadili CD moja kulichukua karibu saa 5, na usiku wa kwanza umeme ukakatika katikati. Betri yangu ilishajifia siku nyingi, nikaanza upya. Tangu siku hiyo sichomi moja kwa moja: kwenye dirisha la kuchoma nachagua itengeneze ISO kwanza, yaani faili moja lenye CD nzima ndani yake, kisha nachoma ile ISO kwa ImgBurn, programu ya kuchoma tu, spidi ya 4, dakika kama 15. Andaa giga 10 za wazi kwenye hadi diski, kwa sababu inaweka mafaili yake ya muda halafu ISO juu yake.

Vipande alivyorekodi shangazi kwa simu ndivyo vilivyonishinda kuvipendezesha. Simu yake inarekodi fremu 30, kamera ya mpiga video 25, na kuzishusha 30 ziwe 25 kunafanya mwendo urukeruke kidogo. Mama hakuona. Mimi kila nikiangalia naona.

Alichoona yeye ni kingine. Nimeweka CD, nimekaa kwenye mkeka nikisubiri sifa, akasogeza miwani: "Mwanangu, mbona baba yako amerefuka hivi?" Kweli, ukumbi mzima ulikuwa mwembamba kama umevutwa juu. Nikadhani nimeharibu tena. Kumbe ni deki. Ilikuwa imewekwa 16:9 wakati TV ya chogo ni 4:3. Nikaingia kwenye setup ya deki kwa rimoti, nikaweka 4:3 LB, ikaja mistari myeusi juu na chini, baba akarudia urefu wake.

Naipa nyota 4 kati ya 5. Ile moja nimeikata kwa sababu inakuachia hesabu ambazo mtu mgeni hajui kama zipo, na si programu ya kuhariri. Video yako ije ikiwa imeshakatwa vizuri.

Mama ameshaagiza nakala tatu za mashangazi. ISO zipo. CD tupu zimebaki nne, na kila nakala inakula mbili.